Tangazo la Pili la Bibi Fiasili

Televisheni ya zamani nyumbani kwa Iakopo haikuwa na waya. Waya aliukata mwenyewe akafungia banda la nguruwe, na lile sanduku zito likabaki kuwa meza ya kuwekea televisheni mpya, ile bapa. Sasa niambieni, kitu kisicho na waya kinaonyeshaje chenga?

Ilikuwa saa ya sala ya jioni. Mtungi wa gesi uliotundikwa nje ya kanisa kuwa kengele ulikuwa umeshagongwa, barabara imefungwa mpaka sala iishe, familia imekaa mikekani imefumba macho, na Malia, mkewe Iakopo, anaanzisha wimbo. Ndipo ikasikika shhhh, kama mvua ndogo juu ya bati, na huko nje hakuna hata wingu. Iakopo akafumbua jicho moja. Kioo cha lile sanduku kilikuwa kinacheza chenga, na chumba kizima kinanukia mafuta ya nazi yaliyotiwa mlangilangi, yale wanayopakwa maiti. Binti yao wa pekee, Sieni, alikuwa amekikodolea macho kile kioo, anatikisa kichwa kama mtu anayejibu maswali.

"Unaongea na nani?" Malia akanong'ona.

"Na bibi. Anauliza nani anakuja kumchukua."

Iakopo alijua ni bibi gani.

Iakopo alikuwa fundi mitambo wa kituo cha televisheni pale Apia, mji mkuu wa visiwa vyao. Nchi ilipohamia dijitali, masafa ya televisheni ya zamani yalibaki wazi, na kampuni moja ya simu ikayachukua kwa ajili ya intaneti. Iliyataka hayo hayo, kwa sababu masafa yale hupenya ukuta, huvuka mlima, hukufuata mpaka chooni. Siku ya kuzima mtambo wa zamani palikuwa na sherehe kule mlimani uliposimama, hotuba na keki, na bosi wake, Ulugia, alitaka kila kitu kiishe kabla ya saa ya sala. Kule studio Telesia alikuwa hewani akisoma matangazo ya vifo.

Tangazo la kifo kwao husomwa mara mbili, hilo hata mtoto analijua. Mara ya kwanza ni kwa walio hai, waje msibani na mikeka yao ya heshima. Mara ya pili ni kwa marehemu mwenyewe, asikie jina lake, ajue amekufa, aondoke.

"Zima," Ulugia alisema.

"Bosi, Telesia hajalirudia la mwisho."

"Atalirudia kesho kwenye dijitali. Wageni wana njaa, bwana. Huyo marehemu ana haraka gani?"

Watu wakacheka. Iakopo naye akacheka, na huo ndio ubaya wenyewe, akashusha swichi huku akipigiwa makofi. Fiasili, bibi mmoja wa kisiwa cha Savai'i, alikuwa amesomwa mara moja tu. Kesho yake Telesia alilisoma tena tangazo lake, kweli, lakini kwenye dijitali, na bibi wa watu alikuwa ameachwa kwenye wimbi la zamani, anangoja.

Kisha kampuni ikawasha intaneti yake juu ya wimbi lile lile, na bibi akapata njia ya kuingia kila palipokuwa na simu.

Kwanza ilikuwa jioni tu, simu ya Malia inajiwasha yenyewe na kunong'ona, halafu ikawa mchana kweupe, mtoto yuko uani anacheza mara anasimama, anainamisha shingo, anasema, "Nakuja, bibi, ngoja kidogo," na akirudi ndani nywele zake zinanuka mlangilangi ambao hakuna mtu aliyempaka, na majimbi anayasukuma pembeni, na shelisheli haligusi, na wali wa kakao, ambao zamani alikuwa akiugombania na sufuria, anautazama tu kama chakula cha watu wengine, mpaka mbavu zikaanza kuhesabika na mikono ikawa baridi juani. Malia alizitupa simu za nyumbani kwake kisimani. Haikusaidia, jirani walikuwa na zao.

Wakamwita Mama Pisaina, shangazi yake Malia, mganga aliyewatoa watu mashetani makubwa makubwa. Alimkanda mtoto kwa mafuta na majani, akamsikiliza tumboni.

"Shangazi, mtoe," Iakopo alimwambia. "Tafadhali, mtoe."

"Nimtoe kwenda wapi? Huyu hajui hata kwamba amekufa. Mlimkata katikati, mkamwacha njiani. Kachoka kukaa peke yake, sasa anatafuta wa kwenda naye." Akajifuta mikono kwa lavalava yake, ile shuka ya kiunoni. "Msomee la pili. Pale pale mlipomwacha."

"Lile wimbi si letu tena."

"Kwani hewa ina mwenyewe?"

"Ina mwenyewe, shangazi. Imesajiliwa."

"Makubwa haya," alisema Mama Pisaina. "Basi nenda ukamwombe huyo mwenyewe."

Akaenda. Meneja wa kampuni alikuwa kijana mstaarabu, mzaliwa wa huko huko, jina lake Seupule. Alimkaribisha, akamsikiliza hadi mwisho bila kumcheka.

"Dakika moja tu, mdogo wangu," Iakopo alisema. "Nizimie mnara wako dakika moja."

"Kaka, pole sana kwa mtoto. Nami nina wangu. Lakini nikizima, hospitali inakatika, vijiji vyote vinakatika, na sheria itanila mimi. Sasa, si umsomee hilo tangazo kwa simu?"

Walikuwa wameshajaribu. Sauti ikipita kwenye intaneti hukatwa vipande vipande, kila kipande kinashika njia yake, halafu vinaungwa mwisho wa safari. Bibi Fiasili alikuwa mtu wa enzi za sauti inayofika nzima, na vile vipande vilimchanganya zaidi. Usiku wa jaribio lile Sieni alilia kwa sauti mbili.

Iakopo aliaga kwa adabu. Alipofika nje alikaa chini ya ukuta wa ofisi akalia, mtu mzima, mbele ya wapita njia. Miaka yote ile wimbi lilikuwa mikononi mwake, na siku alipolihitaji kwa ajili ya mwanawe aliambiwa aombe.

Mtambo mkubwa ulikuwa umeshauzwa chuma chakavu. Kilichobaki ni kimtambo kidogo alichokuwa akipimia antena, nguvu zake za kufika vijiji viwili vitatu tu. Mbele ya mnara wa kampuni ni inzi mbele ya ng'ombe. Lakini Iakopo aliwajua watu wake. Saa ya sala kila mtu huweka simu chini, na sala ikianza kengele ya pili, mnara unabaki karibu mtupu mpaka kengele ya tatu iwafungulie. Ndani ya upenyo huo inzi naye angesikika.

Alipanda mlimani jua likiwa linashuka. Kengele ya kwanza, watu wanaingia ndani. Ya pili, sala. Akautazama mshale wa kipimo chake cha mawimbi ukilala chini, akawasha, akashika maikrofoni.

Akasoma kama Telesia asomavyo, taratibu, bila kuruka. Akawaita watoto na wajukuu, akauita ukoo wote uje na mikeka, akasema kwamba Mungu amependa kumchukua mpendwa wetu, na kwa desturi jina la marehemu huja mwisho kabisa, kwa heshima, kwa hiyo akavuta pumzi ili alitaje vizuri, na pumzi ile ilikuwa bado kifuani mwake pale kengele ya tatu ilipogongwa huko bondeni, kijiji kimoja, halafu cha pili, halafu vyote, na mshale ukaruka, maana watu wote wa pwani ile walikuwa wamenyanyua simu zao kwa wakati mmoja.

"Fiasili," alisema Iakopo. Akalirudia, akalirudia tena, mpaka betri ikaisha.

Alishuka bila kujua kama limefika. Njiani hakusikia mnong'ono wowote, wala harufu ya mlangilangi, akaanza kutembea haraka, halafu akakimbia. Alipoingia ndani aliikuta ile televisheni ya zamani nyeusi tii. Malia alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, na Sieni amekaa mkekani na bakuli la wali wa kakao, anakula. Iakopo alipiga magoti akamshika mashavu. Yalikuwa na joto. Furaha ilimjaa.

"Baba, tumekusikia," Sieni alisema na wali mdomoni. "Umesoma vizuri. Ila sauti ilikatika kwenye jina."

"Ilikatika vipi, mwanangu?"

"Ilikatika tu. Bibi akaniuliza hapo litajwe jina la nani." Akalamba kijiko. "Nikampa langu. Amefurahi, baba. Amesema basi twende."

Malia aliacha kutabasamu. Nje palisikika gari likisimama, halafu lingine, na miguu ya watu wengi uani. Iakopo alitoka kibarazani. Faimata, dada yake mkubwa, alikuwa anapanda ngazi amevaa nguo nyeusi, mkeka wa heshima umekunjwa mikononi, na nyuma yake shemeji zake, na jirani, na mchungaji, kila mmoja na mkeka wake.

"Tumelisikia tangazo kwenye simu, kaka," Faimata alisema. "Umelisoma mwenyewe. Ulipata wapi moyo wa kumtaja mwanao mara mbili?"

Iakopo alisimama mlangoni akatandaza mikono, kama anaweza kuwazuia wasiingie. Nyuma yake alisikia bakuli likiwekwa chini polepole.

"Mama," Sieni alisema, "nitandikie. Nina usingizi."