Hodi ya Alhamisi ya Tatu

Alhamisi ya tarehe 20 Novemba 2025, saa kumi alasiri, Mzee Mwinjuma alilitia kufuli geti la nyumba yake ya Mafiga, akashika njia ya mjini kwenda kununua kamera ya ulinzi.

Wezi hakuwa akiwaogopa.

Mkewe, Mwanvita, alifariki tarehe 25 Septemba huko Kinole, alikokwenda kuvuna karafuu za ukoo wake. Siku tatu kabla ya hapo alimpigia simu mumewe, akamwomba amfuate kwa kuwa kifua kilikuwa kikimbana. Mwinjuma alikuwa na kikao cha wastaafu. Akamwambia asubiri Jumapili. Habari ya msiba ilipomfikia, mvua ya milimani ilikuwa imekata barabara, na alipofika, ukoo ulikuwa umekwisha kumzika. Uso wake hakuuona.

Arobaini ilitimia tarehe 3 Novemba. Siku tatu baadaye, jioni ya kuamkia Ijumaa, ile saa ya magharibi ambayo wahenga husema marehemu hurejea kuwatazama watu wao, hodi ikasikika mlangoni.

Hodi moja. Sauti ya mwanamke, ya chini.

Geti lilikuwa na kufuli. Uani hapakusikika hatua. Mwinjuma akanyamaza, kama alivyofundwa tangu utotoni: hodi isiyo na hatua haiitikiwi. Alhamisi ya tarehe 13 hodi ikaja tena. Moja tu.

Jirani yake, Bi Asia, alimwonya kwamba huo ulikuwa mchezo wa wanga: huiba sauti ya maiti, na ukisema karibu umekwisha kuwapa nyumba. Mwinjuma hakubisha. Lakini je, kama ni yeye? Ndipo alipoazimia auone uso kwanza, kisha aamue kuitika au kutoitika.

Dukani alipokewa kwa shikamoo na binti aitwaye Jesca, aliyemwekea kamera mbili juu ya meza ya kioo.

"Hii, babu, giza likiingia inawasha vijitaa vyekundu. Mwizi akiviona anahama mtaa."

"Na nisipotaka ahame?"

Jesca akacheka. "Kumbe babu una mgeni wako! Basi chukua hii. Mwanga wake jicho halioni, hata asimame mbele yake. Ila haifiki mbali. Hatua tano, sita, basi."

"Zinatosha. Huyo husimama mlangoni."

Jesca akaacha kucheka. Alimwonyesha namna ya kutazama picha kwenye simu, bila kuuliza zaidi.

Kabla ya adhana ya magharibi, Mwinjuma alikuwa ameifunga kamera juu ya mlango. Alisali, akajifungia ndani, akaketi sebuleni na simu mapajani. Pichani ua ulikuwa na rangi zake: mchicha wa kijani, ndoo ya buluu. Kisha kamera ikalia, tik... rangi zote zikatoweka. Ua ukawa wa kijivu.

Mtupu.

Harufu ya karafuu mbichi ikapenya chini ya mlango.

Akatazama simu. Mwanamke alikuwa amesimama kizingitini, kanga kichwani, ameinama. Hakumwona akija.

"Hodi."

Neno la kuitika lilimfikia Mwinjuma kwenye ulimi. Akalizuia. Uso kwanza. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaona upindo wa kanga, akaona mkono, lakini uso ulikuwa gizani. Mwanamke akangoja. Alingoja kwa utulivu, kama mtu aliyelelewa akaleleka, asiyegusa mlango wa watu kabla ya kukaribishwa.

Kisha akainua uso.

Alikuwa Mwanvita. Macho yake yaling'aa meupe kwa ule mwanga usioonekana, nayo hayakuutazama mlango. Yaliitazama kamera.

"Nimepiga hodi tatu, baba," alisema taratibu. "Sina ruhusa ya nne."

Akarudi nyuma. Hatua moja. Mbili. Kwenye ya sita, giza likamfunika.

"Karibu!" Mwinjuma alipiga kelele, akihangaika na komeo. "Karibu, mke wangu, karibu ndani..."

Ua ulikuwa mtupu. Geti lilikuwa na kufuli lake. Kizingitini palikuwa na unyevu wa nyayo mbili, zilizoelekea mlangoni. Za kurudi hazikuwapo.

Bi Asia alimshukuru Mungu kwa niaba yake. Alisema kama angeitika mapema, saa hizi wangekuwa wakimsomea hitima. Huenda. Kamera yenyewe haikusaidia, kwani aliporudia kuitazama ile picha aliona ua tu, na sauti yake mwenyewe ikikaribisha giza.

Hakuna hodi nyingine iliyopigwa. Tarehe 27 Novemba, kimya. Tarehe 4 Desemba, kimya. Tarehe 11 Mwinjuma aliing'oa kamera. Tarehe 18, adhana ilipokwisha, aliufungua mlango wazi kabisa, akaketi akiuelekea, akaanza kusema karibu bila kuombwa. Karibu. Karibu ndani. Alisema hivyo mpaka sauti ikamkauka.

Kitu kikaingia.

Hatua zake zilikuwa nzito kuliko za Mwanvita. Zilipita mbele yake, zikakoma karibu na kiti cha pili, na kiti kikalia kwa uzito.

Mzee Mwinjuma hakuuliza ni nani. Aliinuka, akafunga mlango, akaenda kuandaa chai ya watu wawili.