Alama Chini ya Bakuli

Jioni moja ya mwaka 1934, ukungu ukishuka juu ya mashamba ya chai ya Kericho, Syprose alimfunga mtoto mgongoni, akapanda njia ya kwenda nyumba kubwa. Alikuwa ameitwa kuandika tu. Kazi ya nusu saa.

Aliyemponza ni mumewe Lazarus, mpishi wa nyumba hiyo, na majivuno yake. Memsabu alikuwa amerithi vyombo vya fedha kutoka kwa marehemu baba yake, nahodha aliyevileta kutoka Japani. Chini ya kila chombo palikuwa na alama ndogo zisizosomeka. Mzee mmoja wa Nairobi, aliyewahi kuishi Japani, alitaka zinakiliwe kwenye karatasi apate kumweleza ni kazi ya nani. Barua ilikuwa iondoke na lori la alfajiri.

"Bibi yangu alisoma misheni," Lazarus akajisifu. "Anaandika kama kitabu."

Lakini mawazo ya Syprose hayakuwa kwenye penseli. Binti yake wa wiki tatu alikuwa na siku ya tatu akilia na kukataa kunyonya. Kwao, huko upande wa ziwa, mtoto akilia hivyo watu hujua kuna mfu wa ukoo anayedai jina. Wazee hutaja majina ya wafu wao, moja baada ya jingine. Lile litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake, na mwenye jina hilo amerudi. Mama mkwe wake, Akeyo, alikuwa ametaja wafu wote aliowajua mpaka sauti ikamkauka. Mtoto alizidi kulia. Utosi wake ulikuwa umeanza kubonyea.

"Nyar Seme," Akeyo alimwambia asubuhi hiyo, akimwita kwa nchi ya kwao, "kesho ikifika bila jina, tutafute jembe."

Memsabu alikuwa akingoja mlangoni pa stoo, funguo kiunoni.

"Wewe weka karatasi juu ya alama, piga na penseli. Hivi. Vyombo yote saba."

"Memsabu, mtoto ni mgonjwa..."

"Yeye ataimba, wewe utaandika. Mimi narudi sasa hivi."

Mlango ukafungwa. Ufunguo ukazunguka.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba. Tangu kijiko kimoja kilipopotea, yeyote aliyegusa fedha alifungiwa stoo mpaka Memsabu mwenyewe aje kukagua. Kuta zilikuwa za mawe, na dirisha halikuwepo. Palikuwa na meza, taa ya mafuta, na birika, sinia, vikombe na bakuli moja dogo, vikimetameta kama macho.

Nje, gari la Memsabu likanguruma, likaenda zake.

Syprose alimweka mtoto mapajani, akaanza. Alipindua birika, akaweka karatasi, akasugua. Katikati ya weusi wa penseli alama zikajitokeza nyeupe, tatu, ndani ya kisanduku. Sinia likawa na zile zile. Vikombe pia. Mvua ya mawe ikaanza kupiga bati. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti nyembamba sasa, kama paka aliye mbali.

Akafika kwenye bakuli.

Lilikuwa dogo mno. Bakuli la kumlishia mtoto. Chini yake palikuwa na zile alama tatu, na kando yake ya nne, ambayo haikugongwa kwa chombo cha fundi. Ilikuwa imekwaruzwa. Kwa ncha ya sindano, labda, na mkono uliokuwa ukitetemeka.

Tik.

Syprose akainua kichwa.

Tik... tik...

Haikuwa mvua ya mawe, maana ilikuwa imekwisha. Sauti ilitoka mezani, kama ukucha mdogo unaogonga fedha kutoka ndani. Na harufu ikaja. Moshi mtamu wa mti asioujua, na nyuma yake maji makubwa. Si maji ya ziwa lao. Haya yalikuwa na chumvi.

Akakimbilia mlango.

"Lazarus! Lazarus!"

Nyayo zikaja mbio. "Nini? Ongea polepole, bwana wa Memsabu amelala."

"Nifungulie. Humu kuna mtu."

"Mtu gani? Funguo Memsabu ameenda nazo klabu."

"Vunja."

"Nivunje mlango wa mzungu? Nyar Seme, unataka nife jela? Gari limekwama matopeni kule darajani, nimeambiwa sasa hivi. Vumilia. Imba."

Akaondoka.

Taa ikafifia. Mtoto alikuwa ameacha kulia kwa sauti. Midomo tu ndiyo iliyokuwa ikichezacheza. Syprose alimbandika kifuani. Akakataa. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akafanya jambo pekee alilojua. Akaanza kutaja.

"Ni wewe, Nyangweso? Ni wewe, baba Alfayo? Ni wewe, Ayoo, dada yangu?"

Kila jina, mtoto alitikisa kichwa huku na huku, akinyong'onyea.

"Apiyo? Joab?"

Tik... tik...

Majina yakamwishia. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika bakuli, kidole juu ya ule mkwaruzo. Hakufikiri. Mama ambaye mtoto wake anakufa hachagui mlango wa kubisha.

"Basi ni nani?" akanong'ona. "Ni wewe?"

Kidole chake kikafuata mkwaruzo. Chini. Kushoto. Chini tena.

Mtoto akanyamaza.

Akageuza uso, akashika ziwa, akanyonya kwa nguvu mpaka Syprose akauma meno. Kugonga kukakoma. Memsabu aliporudi, viatu vimejaa matope, aliwakuta wote wawili kimya.

"Umeona?" akasema. "Mtoto mzuri kabisa."

Kambini kwa wafanyakazi, Akeyo alipiga vigelegele. "Amerudi nani?"

Syprose angesema nini? "Nyangweso," akajibu.

Mtoto akatema ziwa, akalia kilio kile kile. Mpaka usiku wa manane, Akeyo aliposinzia, ndipo Syprose akamchorea mtoto kiganjani, kwa kidole, ule mkwaruzo. Akanyonya.

Tangu hapo ikawa hivyo. Kila mara kabla ya kunyonya, sharti amchoree. Akisahau, kilio. Na kila akichora, harufu ya chumvi ilipita ndani ya nyumba, ingawa mlango ulikuwa umefungwa.

Jibu la Nairobi lilikuja baada ya wiki tano. Memsabu alimwita Syprose sebuleni apate kumsifu.

"Mzee anasema wewe andika vizuri sana. Hii alama, 'fedha safi'. Hii, jina ya fundi." Akasoma zaidi, na tabasamu likampungua. "Hii ya nne si ya fundi. Mama aliandika, desturi ya huko mtoto akikufa. Ni bakuli ya mtoto, iliwekwa pamoja na yeye... ndani ya kaburi." Akaigeuza barua. "Sijui baba yangu alipata wapi."

Mgongoni, Syprose alihisi mtoto akiacha kupumua. Si kama mgonjwa. Kama mtu anayesikiliza.

"Na hapa mzee ameandika vile inasomwa, jina ya yule mtoto."

"Usilisome, Memsabu."

"Kwa nini? Ni jina tu."

Syprose alipiga magoti juu ya zulia. Kuchora kwa kidole ni kuomba. Jina lililokubaliwa likitamkwa kwa mdomo, kwao, basi mtoto ameshapewa mwenye jina. Angeweza kukimbia. Mlango ulikuwa wazi, jua lilikuwa linawaka juu ya chai. Lakini mtoto akitengwa na jina hilo, kesho angekubali vipi kunyonya?

"Memsabu, tafadhali..."

Memsabu alikuwa ameshaisogeza barua karibu na macho. Akalitamka, polepole, jina fupi la watu wa mbali.

Na mtoto wa miezi miwili, mgongoni mwa mama yake, akaitika.