Chuma cha Ethi

Breka ya zahanati iliruka mara ya kwanza wakati adhana ya magharibi inamalizika, na Thuwaini hakushtuka hata kidogo. Kazi ya breka ni kuruka. Umeme ukileta fujo inajikata, fundi anatafuta kosa, anairudisha, basi. Kilichomkera ni harufu. Kibanda cha jenereta kilinuka tope la kisimani, na ile ilikuwa Septemba, kiangazi cha mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini, ardhi ya njia ya Urambo imepasukapasuka kwa ukavu.

Thuwaini alikuwa mtoto wa Gongoni, Tabora mjini, wa ukoo wa wenye maduka, aliyekimbia mizani akaenda kusomea umeme. Aliombwa aje kuwasha taa katika kijiji hiki kipya cha ujamaa, akakubali upesi kwa sababu mkewe, Khole, alikuwa mjamzito. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa mwanga wa koroboi. Kitovu kilimzunguka shingoni, mkunga hakuona, mtoto akafa. Huyu wa pili, Thuwaini aliapa, atazaliwa kwenye taa.

Kesho yake magharibi, ta! Breka ikaruka tena. Akachomoa friji la chanjo, akairudisha breka. Ta! Akafungua waya za wodi, akafungua za ofisi, hakikubaki kitu kinachokula umeme hata kidogo. Ta! Wallahi, hiyo haiwezekani, na fundi yeyote atakwambia hivyo. Na chini ya miguu yake, ndani ya udongo mkavu, akasikia ndoo ikitua majini. Chubwi.

Mwisho akafungua waya wa ethi, ule uendao kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini ili umeme uliopotea uende huko usimuue mtu. Breka ikatulia tuli.

“Basi tuuache hivyo hivyo,” alisema Josepha, mkunga wa zahanati.

“Nikiuacha, siku moja friji litakuua, dada.”

Bi Batuli, mganga aliyeishi pale tangu kabla ya kijiji, aliposikia habari hizo alikuja na chetezo cha ubani. Alipoona chuma kilipopigiliwa, akakiweka chini chetezo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Nani alikwambia upige chuma hapa?”

“Ndipo penye unyevu. Ethi inataka unyevu. Nikamwagia na maji ya chumvi, ishike vizuri. Mafundi wote tunafanya hivyo.”

“Ehee! Chuma na chumvi!” Sauti ya bibi ilishuka. “Mwanangu, hapa palikuwa na kisima cha misafara. Wapagazi hawakuteka maji bila kumwachia mwenyewe konzi ya mtama. Kisima kikafukiwa, mwenyewe yumo. Wewe umempigilia kama ngozi inayoanikwa. Kitoe, kakitupe mbali, wala kisiingie penye watu.”

Kukitupa! Chuma kile kilikuja kwa maombi ya miezi kutoka Tabora, na cha pili hakikuwepo. Thuwaini alikitoa, naam. Kilitoka kimelowa, cha baridi, kinanuka tope. Akakibeba hadi ng’ambo ya mashamba ya tumbaku. Alipofika alimkumbuka Khole, aliyekuwa ameshaanza kushikwa na uchungu, akaikumbuka na koroboi. Akarudi nacho. Akakipigilia nyuma ya wodi, pale maji ya bafuni yanapotuama, akamwaga chumvi, akaunga waya. Bi Batuli hakuambiwa.

Breka haikuruka. Magharibi ikapita kimya, taa nyeupe pe, na kitovu kilipokuja kimezunguka shingo Josepha alikiona, akakipitisha juu ya kichwa kwa kidole, na mtoto wa kike akatoka mzima. Thuwaini alilia bila aibu. Akaenda kuzima jenereta, dizeli si ya kuchezea.

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akasimama kidogo kufuta mikono, kijiji chote giza, hakuna hata mbwa, na alipogeuka kurudi akaliona dirisha la wodi bado linawaka, jeupe, halipepesi, akasema moyoni labda Josepha amewasha karabai, ingawa alijua hakuna karabai pale, akarudi akagusa injini iliyoanza kupoa, akaishusha breka kwa mkono wake, akachomoa na waya wenyewe uendao wodini akabaki ameushika, na dirisha likawaka vilevile.

Akakimbia. Khole alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa amefumbua macho anaitazama balbu, na wodi nzima ilinuka tope.

“Mume wangu, zima taa basi,” Khole alimnong’oneza. “Mwanao hataki kufumba macho.”

Thuwaini akaitazama ile balbu. Waya alikuwa nao mkononi.

Chini ya kitanda, ndani kabisa ya ardhi, ndoo ikatua majini. Mtoto akacheka.