Sukumawiki za Siku ya Mwethya

Kila jioni, akishavua sare za shule na kunywa uji uliobaki, Mutindi alichukua mtungi akashuka mtoni. Kusema kweli, mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, kama mito mingine ya Matinyani. Maji yalikuwa chini ya mchanga. Ilibidi ufukue shimo, usubiri maji yajikusanye, kisha uyateke kwa kikombe bila papara. Mwenye haraka alirudi nyumbani na matope.

Kando ya mto huo, familia kumi na moja zilikuwa na bustani moja iliyozungushiwa ua wa miiba, kila familia na kipande chake. Katika kipande chao, Nduku, mama yake Mutindi, alikuwa amempa matuta matatu ya sukumawiki ayatunze mwenyewe. Mutindi hakuwa na kingine cha kuringia katika Gredi ya Sita, kwa hiyo aliringia sukumawiki hizo bila kuchoka. Wenzake walikuwa wamekwisha kuchoka kusikia.

Bustani ilikuwa na sheria zake, na kali kuliko zote ilikuwa ya dawa. Aliyenyunyizia mboga dawa ya wadudu alifunga kitambaa chekundu kwenye kijiti, akamwarifu mwenyekiti wao, Mama Mutie, ambaye alisoma chupa na kuhesabu siku. Kabla siku hizo hazijaisha, hakuna jani lililochumwa.

Wiki moja, zamu ya mwethya wa Jumamosi ilikuwa kwao. Katika mwethya, majirani hukusanyika wakachapa kazi katika shamba la mmoja wao bila malipo, na wiki inayofuata wakaenda kwa mwingine. Mwenye shamba huwalisha. Wanawake kumi wangekuja kuchimba mitaro ya kuzuia maji ya mvua yasibebe udongo.

"Muthokoi nitapika mimi," Nduku alisema Jumatatu, akichambua mahindi yaliyokobolewa na maharagwe ya kuyapikia. "Mboga itatoka kwa matuta yako. Sawa?"

"Sawa, Mama!" Mutindi alijibu. Usiku huo aliwaza tu jinsi wanawake watakavyomsifu.

Jumanne jioni aligeuza jani, akaona wadudu wadogo wa kijivu wamejazana kama chembe za ulezi. Akageuza jingine. Hivyo hivyo. Alijua Mama Mutie angemwambia anyunyizie majivu na maji ya sabuni kila asubuhi mpaka wadudu waishe, lakini kazi hiyo huchukua siku nyingi, na Jumamosi ilikuwa imefika mlangoni.

Ghalani kulikuwa na chupa ya dawa ya mjomba wake Mutunga, aliyoinunua kwa ajili ya ndengu. Jumatano, mama yake akiwa sokoni Kitui, Mutindi alichukua chupa na pampu akanyunyizia matuta yote matatu. Kitambaa hakukifunga. Angekifunga, mama yake angekiona, na mboga ya mwethya ingechumwa kwa matuta ya mtu mwingine.

"Nitaziosha mara tatu kwa chumvi," alijiambia. "Halafu zichemke sana. Dawa itabaki wapi?"

Alhamisi wadudu walikuwa wamekufa na majani yanang'aa. Nduku alipita bustanini akasimama kuyatazama.

"Wee Mutindi, umeyatunza kweli! Hata mimi sikuwahi kupata majani kama haya."

Mutindi alijaribu kutabasamu. Kisha akainama kung'oa gugu, mama yake asimwone uso.

Jumamosi alichuma alfajiri, akaosha mara tatu, kisha kwa wasiwasi akaosha tena mara ya nne. Wanawake walifika na majembe na sururu wakiimba. Ndunge, jirani yao wa karibu, alikuja na mwanawe Kiilu, ambaye hata kutembea alikuwa ndiyo anaanza, akamwacha uani na Mutindi. Asubuhi nzima Kiilu alimfuata kila alikokwenda, akianguka na kuinuka na kucheka.

Saa sita wanawake walikuja kula. Nduku alipakua muthokoi, Mutindi akapakua mboga. Ndunge alimpakata mwanawe.

"Mutindi, niwekee Kiilu mboga kidogo na mchuzi wake. Muthokoi ni ngumu kwake, ana meno manne tu."

Mutindi alijaza bakuli. Ndunge alichota kijiko akakipuliza. Kiilu alifungua kinywa chote.

"Usimpe!" Mutindi alipiga kelele, akakisukuma kijiko kikamwagika. "Msile mboga! Hakuna mtu ale! Nimeipiga dawa!"

Wanawake walirudisha sahani chini; hakuna aliyekuwa ameonja.

"Lini?" Mama Mutie aliuliza.

"Jumatano," Mutindi alisema, machozi yakimtoka. "Sikufunga kitambaa makusudi. Lakini nimeosha mara nne!"

"Dawa gani? Lete chupa."

Mama Mutie aliishika mbali kidogo na macho yake akasoma. "Hii ni ya ndengu. Hata kwa ndengu wanasema ungoje siku kumi na nne. Maji yanatoa vumbi, Mutindi. Dawa kama hii inaingia ndani ya jani. Uoshe, uchemshe, bado imo."

Ndunge alimkumbatia Kiilu kwa nguvu.

"Asi!" alisema Kanini, aliyependa mzaha hata msibani. "Na mimi nilikuja kuchimba kwa sababu ya hiyo mboga."

Wachache walicheka. Nduku hakucheka, na Mutindi aliona afadhali angegombezwa. Wanawake walipakuliwa upya kwa sahani safi, wakala muthokoi tupu wakashushia chai. Haikuwahi kutokea mwethya ukakosa mboga katika kijiji hicho, na Nduku alijua habari hiyo ingefika sokoni kabla yake.

Walipomaliza kula, Mutindi alichimba shimo refu, akamwaga mboga yote. Kisha alishuka bustanini, akachuma kila jani la matuta yake, akayaleta kuyazika pia, mbuzi wasije wakayala. Mama Mutie na Nduku walikuja wakasimama kando yake.

"Ungeniambia Jumanne," Mama Mutie alisema, "ningekupa majivu, na mboga ya wageni tungechuma kwangu. Mwethya si mashindano. Wewe ulitaka kusifiwa, ukaficha sumu kwa chakula cha watu. Hilo ni kosa kubwa, na nataka ulijue hivyo. Lakini ulisema ukweli kabla kijiko hakijaingia mdomoni, ukijua watu wote watakutazama. Ungengoja kidogo tu, ukweli wako haungetusaidia."

Mutindi alimgeukia mama yake. "Nisamehe, Mama. Nimekuaibisha."

"Umeniaibisha," Nduku alikubali. Alichukua jembe akaanza kumsaidia kufukia. "Sukumawiki zitachipuka tena. Ndunge ana Kiilu mmoja tu."