Kiolezo cha Herufi Kubwa

Kila siku baada ya shule nilipita maktaba ya mtaa, nikamfagilia shangazi yangu sakafu, kisha nikakaa kwenye moja ya kompyuta zake tatu. Shangazi ndiye mkutubi. Kompyuta zile zilikuwa kuukuu, lakini zilikuwa na programu huria ya kuandikia, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia bila kununua leseni. Zote zilitumia folda moja ya violezo, yaani barua zilizokwisha kupangwa: ya kuomba kazi, ya mwaliko, ya kuomba ruhusa. Mtu alifungua kiolezo, akajaza maneno yake, akachapisha.

Wenzangu waliniita Profesa kwa sababu nilijua kuondoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Jina hilo lilinivimbisha kichwa.

Jumatano moja Shangazi aliniambia, "Profesa, ile folda imekuwa jaa. Kuna 'barua mpya', 'barua mpya kabisa' na 'barua mpya ya mwisho'. Zipange kwa aina. Ila usifute kitu kabla ya kuniuliza."

"Sawa, Shangazi," nilijibu. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Nilipanga vizuri, hilo nalisema bila kujisifu. Kisha nikakuta faili iliyoitwa "aaa". Herufi zake zilikuwa nene, kubwa kama za bango la duka, na mistari imeachana mno. Barua fupi ilikula kurasa tatu. Nilicheka peke yangu, nikaifuta. Kwa kuwa napenda usafi, nikamwaga hata pipa la taka la kompyuta, ambamo faili zilizofutwa hukaa zikingoja kurudishwa.

Kesho yake, saa tisa, akaingia Mzee Cherehani, fundi anayeshona sare zetu kule sokoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Profesa. Leo nina haraka. Ofisi ya soko inapokea maombi mpaka saa kumi. Nataka cherehani yangu ihamie karibu na mlango, penye mwanga."

Alikaa, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akabonyeza, akabonyeza tena. Kijana wa kompyuta ya pili akamwambia, "Mzee, unaisoma au unainusa?" Watu wawili wakacheka. Mzee naye alijaribu kucheka, kisha akamwita Shangazi kwa sauti ya chini.

"Binti yangu, siioni ile yetu."

Shangazi aliinama, akatafuta. "Ile ya herufi kubwa? Tulihangaika nayo wiki tatu, ilikuwa hapa hapa." Akanigeukia. "Umeiona, Profesa?"

"Hapana," nikasema. "Labda kompyuta ina virusi."

Mzee alivitazama vidole vyake. "Si virusi. Ni mimi. Juzi nilibonyeza kitu nisichokijua. Vidole hivi havifai kugusa mali ya watu."

Shangazi alijitolea kumwandikia, lakini akakataa. "Barua yangu nataka niisome mwenyewe kabla sijaitia sahihi," alisema. Akachukua kofia yake. "Sitarudi tena kuwaharibia."

Nilibaki nimekaa. Aliyenishonea sare niliyoivaa alikuwa amejitwika kosa langu, nami nilimwacha aondoke nalo. Nikatoka mbio. Nilimkuta ngazini, mkono ukipapasa ukuta, mguu ukitafuta kipandio. Hapo ndipo nilipozielewa herufi zile.

"Babu, ni mimi. Niliifuta ile faili, halafu nikadanganya."

"Kwa nini uliifuta?"

"Nilicheka, Babu. Niliona ni mbaya."

Aliuondoa mguu kwenye kipandio, akanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Basi turudi," alisema. "Aliyefumua ndiye atakayeshika sindano."

Nilimweleza Shangazi mbele ya wote, hata yule kijana aliyemtania Mzee akainamisha kichwa. Kisha nikakaa kando ya Mzee. Alinielekeza: herufi zikue mpaka atakaponiambia basi, na mistari iachane upana wa kidole, maana yeye husoma kwa kufuatisha kidole. Kila alichosema kilikuwamo kwenye ile niliyoicheka. Barua aliiandika mwenyewe, herufi moja moja. Saa kumi kasoro dakika kumi aliisoma kurasa zote tatu, akatia sahihi.

"Tuiiteje faili hii?" nilimuuliza.

"Iite Profesa. Nikiikosa tena, nijue nianze kumuuliza nani."

Shangazi hakucheka. Mzee alipotoka, alinivutia kiti. "Mwanangu, faili tumeirudisha kwa muda mfupi. Lakini kwa uongo wako, mtu mzima alitoka hapa akiamini kuwa hafai. Hilo halina pipa la taka la kulitafutia. Usichokielewa, muulize mwenye nacho. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajakubebea kosa."

Sasa cherehani ya Mzee iko karibu na mlango wa soko. Faili nayo ipo, na kila nikifungua ile folda nalikuta jina langu. Bado naona haya kulisoma.