Ufunguo Juu ya Dashibodi

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Kapteni Gabriel Masalu alikuwa amelala kifudifudi mbele ya pua ya ndege ndogo ya injini moja, kichwa chake kikiwa chini ya propela. Ncha ya propela ilikuwa na damu. Gabriel alikuwa amekwisha kufa.

Aliyemkuta ni mzee Jilala, mlinzi wa kiwanja kidogo cha nyasi kilicho nje ya Lamadi. Mzee alikuwa akirudi kutoka mwisho wa njia ya kurukia, ambako kila alfajiri hufukuza ng'ombe kabla ndege ya kwanza ya watalii haijaondoka.

Inspekta Lusajo Mwaipopo wa idara ya upelelezi alifika kutoka Bariadi saa mbili, pamoja na Koplo Kabula na mtaalamu wa alama za vidole. Alizunguka ndege bila kugusa kitu, kisha akachungulia ndani. Tundu la swichi ya injini lilikuwa tupu. Ufunguo ulikuwa juu ya dashibodi, umeegemezwa kwenye kioo cha mbele.

"Piga picha ya huo ufunguo kwanza," akamwambia mtaalamu.

"Kabla ya maiti, afande?"

"Maiti haiendi popote. Ufunguo unaweza kwenda."

Kabula alikuwa amemfuata mzee Jilala kwenye kibanda cha lango, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," mzee akaitikia, akimwita mama kwa heshima.

"Ulisikia injini?"

"Sikusikia. Ingekohoa hata mara moja, ng'ombe wangetimka. Walikuwa wanakula tu."

"Ng'ombe wa nani hao?"

"Mayu, unatafuta kilichomuua Kapteni au unatafuta mwenye ng'ombe?"

Kabula aliandika habari ya injini, ya ng'ombe akaiacha.

Mbali na mlinzi, watu watatu walikuwa wamelala kiwanjani pamoja na marehemu, kila mmoja katika chumba chake: Kapteni Januarius Ndaki, rubani Precious Shija na fundi Paschal Ngassa. Paschal alikaa peke yake kwenye pipa la mafuta. Hakuna aliyemsogelea. Jana yake jioni ndiye aliyeifungua na kuifunga injini ile.

Kapteni Januarius alijitokeza kusaidia bila kuitwa. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, shati jeupe limenyooshwa, mabegani mistari minne ya rubani mkuu.

"Ajali ya namna hii naijua, Inspekta. Rubani anaizungusha propela kwa mkono, magneto, kile kifaa cha kuwashia mafuta, inatoa cheche, injini inapiga mara moja. Mara moja inatosha."

"Hata ufunguo ukiwa umetolewa?"

Januarius aligeuka kuitazama ndege.

"Waya wa kuzimia magneto ukikatika, ndiyo. Swichi inakuwa pambo tu. Sipendi kumtaja mtu, lakini waya huo uko chini ya mikono ya fundi."

Lusajo alimwendea fundi.

"Jana ulifanya nini kwenye injini?"

"Nilibadilisha plagi mbili."

"Waya wa magneto?"

"Sikuugusa."

"Nani alikuona hukuugusa?"

Paschal alitazama mikono yake. "Afande, nimeshasikia wanachosema. Eti mimi ndiye niliyemuua Kapteni kwa uzembe. Leseni itakwenda, na mimi nitakwenda gerezani. Naomba mfuniko wa injini ufunguliwe na mtu asiyenijua."

"Anakuja kutoka Mwanza."

"Basi nangoja."

Meneja wa kampuni alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Alitaka kujua kama ndege itaachiwa siku hiyo. "Ni ajali, afande. Fundi tutamshughulikia." Lusajo alimjibu kwamba mwili bado uko chini ya ndege, akakata simu.

Mkaguzi wa ndege kutoka Mwanza alifika kabla ya saa sita. Alifungua mfuniko wa injini, akapima, akapima tena.

"Waya ni mzima. Haujaguswa muda mrefu, vumbi lake ni la zamani. Swichi ikizimwa, magneto hizi zimekufa."

"Na ufunguo hutoka swichi ikiwa imewashwa?"

"Hautoki. Lazima uzime kwanza."

"Kwa hiyo propela hii haikupiga mtu."

"Kama ufunguo ulikuwa pale mlipoukuta, haikupiga hata nzi."

Baadaye, mwili ulipokwisha kufikishwa hospitali, daktari alimpigia Lusajo simu. Fuvu lilikuwa limebonyezwa kwa nyuma na kitu cha mviringo, chembamba kama bomba. Ubapa wa propela ungekata.

Ndani ya sehemu ya mizigo, Kabula alikuta chuma cha kuvutia ndege, kile wanachokifunga kwenye gurudumu la mbele kuisogeza kwa mikono. Kilikuwa safi na kinanuka petroli. Vifaa vingine vyote vilikuwa na vumbi. Mtaalamu alipitisha pamba ya kupimia damu kwenye bawaba yake, na pamba ikabadilika rangi.

Lusajo aliandika kwenye daftari neno moja, mauaji, kisha akamwita Precious Shija ofisini. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na nane, macho mekundu, sauti kavu.

"Nani alikuwa na ugomvi na Gabriel?"

"Nusu ya kampuni."

"Anza mwanzo."

"Zamani zilikuwa kampuni mbili, Kwilasa na Nkoma. Mimi na Gabriel tulikuwa Kwilasa. Mwaka huu Kwilasa ikaimeza Nkoma. Sasa marubani wote wanapangwa upya kwa ukongwe kazini. Ukongwe ndio kila kitu kwetu. Ndio unaoamua nani anakaa kiti cha kushoto na kuamuru, nani anakaa kulia na kutii, na ndege zikipungua nani anarudi nyumbani. Mshahara unafuata kiti."

"Walipangwaje?"

"Watu wa Nkoma wamehesabiwa kuanzia siku ya muungano. Miaka yao ya nyuma imefutwa. Wote wamewekwa chini yetu."

"Nani alitaka hivyo?"

"Gabriel ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwenye kikao. Alishikilia hapo mpaka wakakubali. Mimi nilimpigia kura. Sitasema sikupiga."

"Hapa kiwanjani nani alitoka Nkoma?"

"Kapteni Januarius peke yake. Paschal ni Kwilasa tangu mwanzo."

"Januarius ana miaka mingapi angani?"

"Ishirini na miwili. Gabriel sita. Leo ingekuwa safari yao ya kwanza pamoja katika ndege kubwa iliyopangwa kuja saa nne. Gabriel kushoto, yeye kulia."

Sababu moja haimfungi mtu. Lusajo alibaki na swali la ufunguo. Aliyetaka kifo kionekane ajali ya propela angeuacha ndani ya swichi, umewashwa. Huyu aliutoa, na kwa kuutoa akaiharibu hadithi yake mwenyewe.

Alimwuliza mkaguzi wa Mwanza, "Rubani akitaka kugusa propela, anaanza na nini?"

"Anazima, anatoa ufunguo, anauweka pasipo na shaka. Tunawafundisha mpaka mkono ufanye wenyewe."

"Anauweka wapi?"

"Hapo kila kampuni ina desturi yake."

Lusajo aliagiza ufunguo, uliokwisha kuchukuliwa alama, urudishwe kila mara ndani ya swichi na kuwashwa. Kisha akawaita watatu wale, mmoja mmoja, wengine wakiwa nyuma ya ofisi na Kabula. Kila mmoja aliambiwa maneno yaleyale: mtaalamu anataka kukwangua ubapa wa pili, tafadhali uzungushe ushuke.

Precious alifungua mlango, akazima, akatoa ufunguo, akautia mfukoni mwa suruali. Kisha akazungusha.

Paschal alitoa ufunguo, akautia mfuko wa kifuani wa ovaroli, akafunga kifungo. Kisha akazungusha.

Kapteni Januarius alifungua mlango, akazima, akatoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi, ukiegemea kioo. Alikwenda mbele ya ndege na kuutazama kupitia kioo. Ndipo akashika propela.

Mtaalamu wa alama alibonyeza kamera. Januarius aligeuka kwa mlio ule. Aliutazama ufunguo, kisha Lusajo. Mkono ulikuwa bado juu ya chuma.

"Desturi ya Nkoma?" Lusajo aliuliza.

"Ili anayesimama mbele auone kwa macho yake," Januarius akasema polepole. "Kwilasa wanautia mfukoni. Mfukoni huuoni."

"Hapo ndipo tulipoukuta asubuhi."

Januarius alishusha mkono.

Chumba chake kilipekuliwa mbele ya mashahidi wawili. Nyuma ya mlango lilitundikwa shati jeupe lililofuliwa, bado bichi. Ndani ya mshono wa mkono wa kulia kulikuwa na doa la kahawia ambalo sabuni haikulifikia. Mezani kulikuwa na mabega mapya ya kubandika kwenye shati la sare, mistari mitatu ya rubani msaidizi, hayajatolewa kwenye plastiki.

Lusajo alimketisha ofisini. "Uko chini ya ulinzi kwa kosa la mauaji ya Gabriel Masalu. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Una haki ya kuwa na wakili au ndugu."

"Sihitaji ndugu. Andika."

"Ulikutana naye wapi?"

"Kwenye ndege ile ndogo, alfajiri. Alikuwa akikagua mafuta kwa safari ya kwanza. Nilikwenda kumwomba."

"Kumwomba nini?"

"Safari moja. Kati ya abiria wa saa nne alikuwamo kijana niliyemfundisha urubani mimi, sasa anaongoza watalii mbugani. Nilimwambia Gabriel, leo niachie kushoto, kesho nitakaa unapotaka. Nisiingie mbele ya kijana yule nikiwa na mistari mitatu."

"Akasema?"

"Akasema, 'Kiti cha kulia hakina miba, Kapteni. Utazoea.' Akainama chini ya bawa kukinga mafuta ya kupima. Hakuwa hata na hasira. Angekuwa na hasira tungegombana, yangeisha."

"Chuma ulikitoa wapi?"

"Kilikuwa miguuni pangu."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Mara moja. Nadhani mara moja."

"Endelea."

"Nilimvuta mbele ya pua. Nikatoa ufunguo mfukoni mwake, nikauingiza, nikawasha swichi, ili ionekane alisahau. Kisha nikaona propela iko juu, haifiki kichwani. Ikabidi niishushe, niipake damu yake."

"Ukatoa ufunguo."

"Sikumbuki kuutoa." Januarius alitazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama kitu cha jirani. "Huwezi kushika propela swichi ikiwa imewashwa. Unaweza kuua mtu."

Kabula aliyaandika maneno hayo kama yalivyo.

"Paschal alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Uliponiuliza habari ya ufunguo nilihitaji waya uliokatika. Waya una fundi."

"Angefungwa."

"Nilijua."

Januarius alisoma maelezo yake yote, akasahihisha mwaka alioanza kazi Nkoma, akatia sahihi kila ukurasa. Lusajo aliomba mabega ya mistari minne yawe kielelezo. Januarius aliyafungua mwenyewe, akayaweka mezani.

Paschal aliambiwa anaweza kuondoka. Aliomba kwanza arudishe mfuniko wa injini, kwa sababu haukupaswa kuachwa wazi. Mkaguzi wa Mwanza alisimama karibu naye mpaka alipomaliza.

Siku ya Jumatatu, mjini Bariadi, Januarius Ndaki alisomewa shitaka la mauaji. Alisimama na kuanza kueleza kwamba alikuwa amefanya kazi ya urubani kwa miaka ishirini na miwili. Hakimu alimkatisha: mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, na mshtakiwa hakutakiwa kujibu lolote. Akaketi. Kesi iliahirishwa, naye akapelekwa mahabusu.