Nipe Kawangware

Jumamosi hiyo stendi ya Kawangware 56, jijini Nairobi, ilifurika watu. Amondi alikuwa amevaa kofia tatu, moja juu ya nyingine, maana meza yake ya mitumba ilikuwa imejaa. Kijana mrefu wa shati la drafti akasimama mbele yake.

"Niaje, mrembo. Nataka hiyo ya juu kabisa."

"Hiyo ni ya kaoboi. Ng'ombe wako wako wapi?"

"Mimi huimba kantri. Ng'ombe wako ndani ya wimbo." Akacheka. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina ukuta, paa natembea nalo."

Amondi akawaza, akashindwa.

"Nipe mji."

"Chukua Kisumu."

"Nimeenda Kisumu, nimekula samaki nikashiba, nikarudi. Ni kofia! Unauza kitu hukijui?"

Hivyo ndivyo Wanzala wa kijiji cha Raila, kule Kibera, alivyopendana na Amondi. Kila jioni alipiga simu na kitendawili, na Amondi, maskini, kichwa chake hakikuwa cha vitendawili. Akatoa Busia, akatoa Nakuru, akatoa hata Mombasa.

"Leo nipe Kawangware, sweetie."

"Kawangware sitoi! Nitalala wapi?"

"Kwangu. Siku utakayonipa Kawangware, nitajua umekubali nikuoe."

Basi Wanzala akateuliwa kuwania tuzo za muziki wa kantri, zile za kuonyeshwa kwa TV. Uteuzi ulikuwa wake na wa Christine, mwenzake aliyeimba naye.

"Usininunie kwa sababu ya Christine, mpenzi," Wanzala akamwambia Amondi. "Tazama tu, na simu iwe karibu."

Siku ilipofika, Amondi alivaa sketi ya jinzi na buti nyekundu, akaketi kwa jirani yake Mama Billy kama aliye ukumbini. Mvua ilipiga mabati. Jina la Wanzala likatajwa! Mama Billy akapiga vigelegele. Lakini Christine, gauni likimeta, akamrukia Wanzala shingoni, akambusu shavuni. Wanzala akashika maikrofoni.

"Kuna mwanamke mmoja ninayempenda..."

Stima zikapotea.

"Ni huyo," Amondi akasema gizani.

"Ngoja, wewe! Hajamaliza kuongea."

"Nimejionea." Akazima simu, akaenda kulala na buti miguuni.

Kule ukumbini, Wanzala alikuwa anampigia Amondi, simu karibu na maikrofoni. "Amondi, kitendawili: nina miji yote, sina pa kulala. Mimi nani? Ukishindwa, nipe mji."

Nchi nzima ikasikia jibu: "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani."

Ukumbi ukaangua kicheko.

Asubuhi wanunuzi wakamwonyesha Amondi video hiyo. Akampigia Wanzala mara nyingi. Simu haikushikwa.

Wiki ikapita kabla Wanzala hajatokea 56, amekonda, macho mekundu. Makanga wa matatu wakamzomea, "Mteja! Mteja amefika!"

"Wanzala wangu, stima zilipotea. Nilidhani ni Christine."

"Stima zilipotea, sawa. Na simu, nani aliizima?"

Amondi akaanza kupanga upya kofia mezani.

"Hata kuniuliza, Amondi? Hata kunitukana kwanza?"

Wanzala akavua ile kofia ya kaoboi aliyoinunua kwake, akaiweka juu ya zingine mezani, akashika njia ya matope.

"Wanzala! Chukua Kawangware! Nimekupa, nimekupa yote!"

Akasimama. Hakugeuka.

"Baki nayo," akasema. "Utalala wapi?"